Mtazame Aliyenyamaza

"Anayelia ana pumzi, mtazame aliyenyamaza." Hayo ndiyo aliyowaambia Sista mkuu leo asubuhi, nanyi mmenijia mmenuna kana kwamba mmetukanwa. Kaeni, wanangu. Mmekuja kujifunza uuguzi, basi msiyachukie maneno msiyojua yalikotoka. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na huyo aliyeyasababisha nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Methali hii ilianzia kwenye benchi. Benchi la mapokezi la hospitali yetu hapa Lukwambe lilikuwa na sheria moja: aliyetangulia atangulie. Akiitwa mmoja, wote mnasogea. Kulikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna aliyeitamka: mtoto akipiga mayowe, alipishwa. Tulimpisha kwa huruma, na kusema kweli, ili masikio yetu yapumzike.

Siku moja ya gulio alishuka kutoka mlimani bibi mmoja, Bi Zamoyoni, amembeba mjukuu wake Kibwana mgongoni. Mama wa mtoto alikuwa amejifungua juzi, hawezi kutembea. Kibwana alikuwa ameharisha na kutapika, na usiku kucha alilia. Walipovuka mto akanyamaza. Bibi akamshukuru Mungu kwa kumpa usingizi, akaja kuketi mwisho wa benchi.

Benchi lilisogea polepole hadi mchana, mara akaingia mwanamke na mtoto aliyeungua mkono kwa uji. Mtoto anapiga kelele, mama anapiga kelele kumshinda mtoto. "Mnataka mwanangu afe?" Kila mwenye koti jeupe alimkimbilia. Bi Zamoyoni alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake, lakini akasogea kando. "Pita, mwanangu, wangu amelala," akasema. Watu wakamsifu Kibwana kwa utulivu wake. Mama mmoja akasema angepata mtoto mwenye adabu kama huyo angezaa wengine kumi.

Hapo ndipo alipopita Perusi Mkude. Perusi alikuwa muuguzi wa watoto, mwembamba, mwepesi wa kutembea, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Alikuwa amebeba beseni la maji ya kumwosha yule aliyeungua. Katika kupenya kwenye msongamano, mkono wake ukagusa mguu wa Kibwana uliokuwa ukining'inia nje ya kanga. Akasimama. Jua lilikuwa la utosi, sote tunatoka jasho, na mguu ule ulikuwa wa baridi.

"Bibi, shikamoo. Huyu amelala tangu lini?"

"Marahaba. Tangu mtoni. Usimwamshe, mama, hajapata usingizi huyu."

Perusi alimwita mtoto jina, akamfinya kidogo. Kibwana hakukunja hata uso.

"Bibi, huku si kulala. Nipe."

Akaweka beseni chini, akamfungua kanga, akaondoka naye mbio. Benchi zima likawaka. Mzee Lukali, aliyekuwa kiongozi wa ukoo na mkali wa mambo ya zamu, akainuka akaziba mlango kwa mkongojo wake.

"Binti, sisi tuko hapa tangu alfajiri. Zamu haina upendeleo!"

"Baba, nipishe. Nitakuja kukupigia magoti. Mtoto huyu anatutoka!"

Mzee akautazama uso wa mtoto, akashusha mkongojo.

Ndani sasa, aibu ikafuata. Sindano nyembamba za watoto zilikuwa stoo. Stoo ilikuwa na kufuli, na mtunza stoo alikuwa gulioni akichagua mchicha. Daktari Semkiwa, mtu mpole asiyeweza kufukuza kuku, alichukua chuma akalivunja kufuli. Mishipa ya mtoto ilikuwa imezama. Perusi akashika mkono, Daktari akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akapata. Maji yakaanza kuingia. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, kanga tupu mapajani, akirudia neno moja: "Nilimpisha. Nilimpisha."

Tulingoja. Kisha kutoka chumba kile kikasikika kilio, kwanza chembamba, halafu kikali, cha mtoto aliyekasirika na dunia nzima. Muuguzi mmoja akaanza kumbembeleza. Bi Zamoyoni akamzuia mkono.

"Mwache alie! Mwache alie, mama, nimsikie!"

Mzee Lukali alisikia, akafuta macho kwa kofia yake.

Jioni Daktari alitukusanya amsifu Perusi. Sisi tukapiga makofi. Yeye akakasirika! "Mnanipigia makofi ya nini? Nimemgusa kwa bahati. Ningepita upande wa pili wa benchi, sasa hivi tungekuwa tunamtafutia sanda. Mtoto asipone kwa bahati."

Ndipo akaanza kututesa, Mungu ambariki. Alidai kila mtoto atazamwe na kuguswa mlangoni kabla hajaketi: anapumuaje, anaitika, mikono na miguu ina joto. Alidai vifaa vya watoto vikae kwenye meza isiyo na kufuli, na kila anayeingia zamu avikague kwa macho yake, hata kama mwenzake ameapa kwamba vimetimia. Tulinung'unika kwamba tuko wachache. Daktari mwenyewe alisita, kisha akaja akawa wa kwanza kuikagua meza kila asubuhi. Tukaiga, tukazoea, na watoto ambao zamani tungewazika wakarudi kwao wakidai maandazi.

Siku nyingine ya gulio, Perusi alimchukua mtoto aliyekuja mwisho, kimya begani kwa mama yake. Mtoto mwingine alikuwa akilia kwa jipu. Baba yake akafoka, "Wangu analia hamumwoni, mnamchukua huyo aliyetulia?"

Perusi alikuwa ameshaanza kukimbia na yule wa kimya. Aliyejibu ni Mzee Lukali, aliyekuja kwa ajili ya goti lake. Aliinua mkongojo ule ule, safari hii akiwasukuma watu wampishe.

"Kaa, kijana. Anayelia ana pumzi, mtazame aliyenyamaza."

Maneno yakaenda gulioni, yakapanda mlimani, leo hata anayegawa chakula nyumbani huyasema. Perusi hatunaye tena. Na huyo Sista mkuu aliyewakaripia asubuhi, mkimwona kesho mwamkieni vizuri. Mume wake ni Kibwana.

Basi nendeni. Mlangoni mtasikia kelele nyingi, na mtazihurumia, nanyi mzihurumie. Lakini kumbukeni mguu ule wa baridi. Anayelia ana pumzi, mtazame aliyenyamaza.