Deni la Vipindi Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wanafunzi wa kipindi cha mwisho, lakini tutakwenda hivyo hivyo.

"Vipindi arobaini," alisema Mama Nguchiro. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi ya shule, mkia umemsimama. "Arobaini vya kuchimba, na mwanangu Tindo hajui hata kukwaruza. Nirudishieni."

"Mama mzazi, punguza jazba," akajibu Mwalimu Mkuu Batamzinga. "Vipindi vyote vimefundishwa. Tazama daftari. Tazama mhuri."

"Mhuri unachimba?"

Ngojeni niwaeleze walifikaje hapo.

Hapo zamani za kale, mahali ambapo nyasi zilikuwa ndefu kuliko akili za wakubwa, wanyama wadogo walifungua shule. Shule ya nini? Ya kuchimba. Maana kila kiangazi nyasi ziliungua, na nyasi zikiungua Tai alishuka. Mwenye shimo alipona. Asiye na shimo alikuwa chakula cha mchana.

Ukuu wa shule wakampa Batamzinga. Alijua kuchimba? Hakujua. Lakini alikuwa na kifua cha mbele, na akisema, gulu-gulu-gulu, alisikika ng'ambo ya mto. Wakasema, huyo ndiye kiongozi.

Mwalimu wa kuchimba alikuwa Kakakuona. Kucha zake zilipasua kichuguu kama uji wa jana. Batamzinga akamwita, akamwambia, "Mwalimu, hapa hatufundishi kienyeji. Andaa azimio la kazi. Andaa andalio la somo. Nakala tatu. Nikishagonga mhuri, kipindi kimefundishwa."

Kakakuona akaandika. Asubuhi anaandika. Mchana anaandika. Jioni yuko kwenye foleni ya mhuri, go, go, go. Kucha zikawa nyeusi kwa wino. Udongo hazikuugusa. Watoto wakabaki darasani wakiimba yaliyoandikwa ubaoni. Na shule ikasifika kweli kweli, maana kila mgeni aliyekuja alionyeshwa daftari, na daftari lilijaa.

Sasa turudi mlangoni.

"Mwite Tindo," alisema Mama Nguchiro. "Mwambie achimbe."

Tindo akaitwa. Akasimama wima, mikono nyuma. "Kuchimba," akasema, "ni kitendo cha kuondoa udongo mahali ulipo na kuupeleka mahali usipokuwepo. Faida za kuchimba ni tano."

"Umesikia?" Batamzinga akatuna. "Tano."

"Mwanangu, Tai akija utamsomea hizo faida?"

Tindo akainamisha kichwa. "Mama, sakafu ya darasa letu ni ya saruji."

Hapo hata Batamzinga alikohoa. Sakafu hiyo aliizindua yeye mwenyewe, kwa hotuba.

Moshi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa mto. Siku saba hivi, moto ungefika. Batamzinga akaona hatari, akachukua hatua. Akaitisha kikao. Kikao kikaunda kamati. Kamati ikapendekeza semina. Semina ikanywa chai. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili wakapitisha kaulimbiu, "Chimba Leo, Ishi Kesho," ikabandikwa ukutani. Wakapiga makofi. Aliyechimba hakuwepo.

Siku ya tatu Mama Nguchiro akaingia ofisini bila hodi. Akachukua mhuri, akaukalia.

"Mama, huo mhuri ni mali ya shule."

"Na watoto ni mali ya nani?"

Batamzinga akatazama kaulimbiu. Akaisoma kwa sauti.

Mama Nguchiro akamgeukia Kakakuona. "Nawe, mwalimu. Kazi unaijua, umekaa unaandika. Huoni haya?"

"Naona, dada. Lakini nikichimba, nani ataandika?"

"Hakuna. Si unaona nimeukalia?"

Kakakuona akazitazama kucha zake. Akatoka nje. Watoto wakamfuata. Akachimba mbele yao, kwaru, kwaru, kwaru, polepole, kisha akasema, "Sasa wewe."

Tindo akachimba. Shimo likamporomokea.

"Umeanza na kucha za nyuma. Anza na za mbele. Tena."

Tena. Tena. Na tena. Aliyepata asubuhi alimwelekeza mchana yule aliyekuwa bado. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla hajaonyesha shimo lake. Na Mwalimu Mkuu? Mama Nguchiro alimkalisha juu ya udongo.

"Kaa hapa uone. Mtoto akikwama, muulize mwalimu anahitaji nini, kisha ukalete."

Batamzinga akakaa. Akaona udongo ni mkavu, kucha za watoto zinavunjika. Akamuuliza mwalimu. Akaenda mtoni, akaleta maji, wakalainisha. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya uongozi aliyoifanya tangu ateuliwe, na haikugongwa mhuri.

Siku nne, vipindi vitatu kwa siku. Vipindi kumi na viwili.

Siku ya saba nyasi zikaungua. Kivuli kikapita, vuuu. Watoto wakachimba, kwaru-kwaru-kwaru, wakazama. Tindo alikuwa wa mwisho. Shimo lake lilikuwa fupi, mkia ukabaki nje. Tai akanyofoa ncha. Tindo akalia sana, lakini alilia akiwa hai.

Na Batamzinga? Alikuwa amerudi ofisini kuandika taarifa ya mafanikio. Alikuwa amefika kwenye "chini ya uongozi wangu mahiri" Tai alipoingia mlangoni. Akakwaruza sakafu. Saruji. Akajifunika daftari. Tai akalirarua, akang'oa manyoya yote ya mkia, akaonja, akaona nyama ngumu, akaenda zake.

Funzo lake sitalizungusha. Kipindi hakifundishwi daftarini. Kimefundishwa pale mtoto anapoweza. Na mkuu asiyekaa darasani akaona, hajui anaongoza nini. Ukiudhika, udhika. Ndivyo ilivyo.

Ngano yangu ningeitua hapa, mwende mkalale. Lakini kesho yake asubuhi Mama Nguchiro alikuwa mlangoni tena, Tindo kando yake, mkia umefungwa kitambaa. Batamzinga, hana mkia, akaanza kumshukuru kwa ushirikiano mzuri wa wazazi.

"Arobaini kutoa kumi na viwili," alisema Mama Nguchiro. "Vimebaki ishirini na vinane. Navitaka."