Kwa Nini Mtemi wa Bulimba Huomba Moto

Zamani, kabla Bulimba haijawa nchi, palikuwa na vilima sita tu, na kila kilima kilikuwa na mkubwa wake, mizimu yake na moto wake. Hapakuwa na mtemi. Mtu wa kilima kimoja akiibiwa ng'ombe na mtu wa kilima cha pili, walipigana mpaka wachoke, kisha wakangoja msimu mwingine wapigane tena.

Ndipo akatokea Lugembe, mhunzi aliyekuwa na chuma kuliko wengine. Majembe aliwagawia waliomkubali. Mikuki aliwaonyesha waliosita. Katika misimu mitatu alivishika vilima vitano. Cha sita kilikubali baada ya kusikia yaliyokipata cha tano.

Lakini aliyeunganisha watu hutaka waonekane wameungana. Lugembe akatoa amri: kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, nyumba zote zizime moto siku moja, na watu waende bomani kuchukua moto wa mtemi. Atakayekutwa na moto wa zamani, nyumba yake itavunjwa, naye atavushwa mto asirudi tena.

Watu wakazima. Kalunde hakuzima.

Kalunde alikuwa mjane, mfinyanzi wa kilima cha sita. Moto wake aliupokea kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Ulikuwa haujazimika tangu ukoo wao ufike pale. Kwa moto huo alichoma vyungu, na kwa vyungu alikula. Akatia makaa katika chungu kipana, akayafunika kwa majivu, akakificha chungu ndani ya rundo la udongo wa kufinyangia. Asubuhi na jioni aliyalisha samadi kavu.

Mjumbe wa mtemi, jina lake Seni, akaja kukagua.

"Kalunde, nasikia harufu ya moshi."

"Nami nasikia harufu ya pombe, Seni, wala sijakuuliza umeinywea kwa nani."

Seni akanyoosha mkono kuelekea kwenye udongo.

"Gusa," Kalunde akasema. "Mwanamume akigusa udongo mbichi, vyungu vya mwaka mzima hupasuka. Utawaeleza wake zako watapikia nini."

Seni akaurudisha mkono, akaenda zake.

Kule bomani moto ulilishwa magogo ili miali yake ionekane vilima vyote sita. Majivu yalifagiliwa kila siku, maana jiko la mtemi halikupaswa kuwa na uchafu. Mwaka wa kwanza ukapita salama. Mwaka wa pili, siku ya kuzima, watu wakiwa njiani kwenda bomani, mvua ikawahi. Ilinyesha kwa kishindo, paa la boma likaanguka, na moto wa mtemi ukazimika. Chini yake hapakuwa na majivu ya kuficha hata kaa moja.

Siku tatu watu walipekecha vijiti vilivyolowa. Watoto walitafuna ulezi mbichi. Wakubwa wa vilima viwili wakaanza kuulizana, mtemi asiye na moto ni mtemi wa nini, na mikuki ikatolewa darini. Siku ya nne Seni akaikumbuka ile harufu.

Kalunde aliwaona wakipanda, Lugembe mbele na watu wenye mikuki nyuma. Angeweza kukana. Badala yake alifukua chungu, akakiweka katikati ya nyumba.

"Umevunja amri yangu," Lugembe alisema, mguu mmoja ukiwa umeshaingia ndani.

"Nimeivunja. Waliotii wanatetemeka."

"Nipe moto."

"Mwomba moto hubisha hodi, baba. Tena huja na kigae chake. Wewe umekuja na mkuki. Makaa utayabeba kwa mkuki?"

Watu wake wakatazama chini. Lugembe akauegemeza mkuki ukutani, akarudi nje kwenye mvua.

"Hodi."

"Bado," Kalunde akajibu. Akapuliza majivu polepole. "Na nyumba yangu?"

"Itasimama."

"Na moto wa wengine?"

"Kila nyumba itakaa na moto wake."

Kalunde akachukua chungu chake kipya kuliko vyote, akakivunja, akachagua kigae kipana, akakitia makaa.

"Karibu, mtemi," akasema. Hakuna mtu wa kilima cha sita aliyekuwa amewahi kumwita hivyo bila kuelekezewa mkuki.

Na tangu siku hiyo, mtemi mpya wa Bulimba hakalii kiti kabla hajashuka kwa mfinyanzi, bila mkuki, kigae mkononi. Hubisha hodi, naye mfinyanzi hujibu "Bado," na kumwacha mlangoni kwa muda aupendao. Mmoja aliachwa mpaka adhuhuri. Wala majivu ya jiko la bomani hayafagiliwi yote. Na mtemi akianza kuwa mkali kupita kiasi, watu hawabishani naye. Humwambia tu, "Bado," naye hukumbuka aliposimama.