Nadhiri ya Baba Punje

Karakana ile ya kuchomelea vyuma haikuhitaji kibao. Aliyetafuta geti, dirisha la nondo au kitanda cha chuma alifuata tu mlio wa msumeno na kicheko kikubwa cha mwenye karakana. Alikuwa pande la mtu, mabega mapana kama mlango, mikono yenye makovu ya cheche, na sauti isiyojua kunong'ona. Watu walimwita Risasi. Jina hilo alilipata shuleni, enzi za mbio za mita mia, alipokuwa akifyatuka mstarini na kufika mwisho wenzake wangali wanakohoa vumbi lake. Miaka ilikuwa imepita na tumbo limetangulia mbele, lakini jina lilibaki, na kiburi chake kikabaki nalo.

Kitu kimoja tu duniani kiliwahi kumnyamazisha. Binti yake wa pekee alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi kwamba bibi yake alipomwona alisema, "Huyu hajawa mtoto bado, huyu ni punje." Jina likamganda. Punje akalazwa katika mashine ya joto, mirija puani, ngozi nyembamba kama karatasi. Wodi ilikuwa na mashine chache kuliko watoto. Siku moja alipoletwa mtoto mwingine aliyekuwa na hali mbaya zaidi, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista, alimgeukia Risasi.

"Vua shati. Mama mtu bado hana nguvu za kukaa. Leo kifua chako ndiyo mashine."

"Nifanye nini, Sista?"

"Usifanye kitu. Kaa."

Basi akakaa. Mtu ambaye hata chai aliinywa amesimama, alikaa kwenye kiti cha mbao tangu asubuhi hadi magharibi, siku baada ya siku, akihisi moyo mdogo kama wa kifaranga ukidunda juu ya moyo wake. Punje akaongezeka, akafungua macho, akajifunza kunyonya. Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Risasi alitaka kumshukuru Sista, lakini maneno yalimkwama kooni. Aliinamisha kichwa tu, akabeba mfuko wa nepi, akatoka. Njiani aliweka nadhiri moyoni kwamba ipo siku angeirudisha fadhila ile.

Siku hiyo ilibisha hodi Punje alipokuwa ameshakuwa mtoto wa maswali, wa kuuliza mpaka majirani wakajificha ndani. Hospitali ilitangaza nusu marathoni ya kuchangia upanuzi wa wodi ya watoto njiti. Risasi aliandikisha jina kabla hata hajamaliza kusoma tangazo.

"Baba Punje," mkewe alimwuliza akikunja nguo, "unajua kilomita ishirini na moja ni mwendo gani?"

"Mama Punje, umesahau mimi ni nani? Mimi ni Risasi!"

"Risasi haiendi mbali kiasi hicho, baba. Ikienda sana, inagonga ukuta."

Alicheka, lakini hakusikia. Kesho yake alfajiri alivaa viatu vipya vyenye rangi ya limau, akatoka mbio kama aliyeona moto nyumbani kwake. Kabla hajafika mwisho wa mtaa wa pili alikuwa amekumbatia nguzo ya umeme, anahema kama mvukuto wa mhunzi, na chai yote iko mtaroni. Mzee mmoja aliyekuwa akijikongoja na fimbo alimpita polepole, akamwambia, "Pole, kijana," kisha akaendelea na safari yake. Risasi alirudia kesho yake, na kesho kutwa, kwa kasi ile ile, mpaka msuli wa kigimbi ukakaza ghafla kama kamba ya kuanikia nguo. Alirudi nyumbani anachechemea.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Punje kupimwa kliniki. Sista alipowaona wakiingia, hakumtazama mtoto. Alitazama mguu wa baba.

"Mguu umefanyaje?"

Risasi alisafisha koo atafute jibu la heshima, lakini Punje alimwahi. "Baba anakimbia, halafu anatapika."

Sista alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Kisha akamweleza kwamba yeye na wenzake wa hospitali, wauguzi, wafua nguo na mpishi mmoja, walikuwa wakijiandaa kwa mbio hizo hizo. "Pumzika mpaka uweze kupanda ngazi bila kukunja uso. Halafu njoo Jumamosi, geti la nyuma. Ila nina sharti. Utakimbia nyuma yangu. Siku utakayonipita, rudi kwako."

Kukimbia nyuma ya Sista! Risasi alimeza mate machungu, lakini akaitikia. Jumamosi ilipofika alijikuta katikati ya wanawake waliokuwa wakienda taratibu kama wanaotafuta sindano barabarani, huku wakijadili habari za wifi mmoja aliyekuja kutembea wiki moja na sasa ana msimu mzima hajaondoka. Alijizuia. Alijizuia tena. Lakini walipokatiza mbele ya karakana, jirani yake, Fundi Tairi, aliyekuwa akiziba pancha, aliinua kichwa na kupaza sauti:

"Ehee, Risasi! Unasindikiza maiti?"

Damu ilimpanda kichwani. Alichomoka, akampita Sista, akawapita wote, akaiona barabara yote kuwa yake. Kwenye kona ya pili kigimbi kikamkaza tena, akaketi juu ya jiwe akiushika mguu kwa mikono miwili. Baada ya kitambo wale wanawake walitokea, mwendo wao ule ule, na maneno yao yale yale. Wifi alikuwa bado hajaondoka. Sista alimpa mkono wa kumwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni, akaendelea na mwendo wake. Huruma hiyo ilimuuma Risasi kuliko mguu.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alishinda karakanani akigongagonga vyuma visivyohitaji kugongwa. Jioni mkewe alimletea maji ya moto ya kukanda mguu, akakaa chini kando yake.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ulikaa wodini na mtoto kifuani, shati huna, wanawake wa watu wamejaa humo ndani. Hukuona aibu. Sasa hii aibu ya kwenda polepole umeitoa wapi?"

Risasi alitazama mvuke ukipanda kutoka kwenye beseni. Kwa mara ya kwanza alijiuliza alikuwa anakimbia kwa ajili ya nani: Fundi Tairi, au wale watoto waliokuwa wakisubiri mashine?

Jumamosi nyingine ilipofika alikuwa wa kwanza kwenye geti la nyuma, mikono ameiweka mgongoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, Sista. Naomba unisamehe. Nilisikiliza maneno ya watu nikayaacha yako."

"Marahaba. Mimi hujanikosea, Baba Punje. Umeukosea mguu wako. Uombe radhi huo, halafu twende."

Tangu hapo Risasi aliinamisha kichwa akafundishwa. Sista hakuwa na maneno mengi, ila kila neno lake lilikuwa na kazi. "Kimbia mwendo wa kuongea," alimwambia. "Ukishindwa kunisimulia ulichokula jana, umezidisha." Basi Risasi alisimulia chakula cha jana, cha juzi, mpaka ugomvi wa utotoni na kaka zake, na pumzi zikamtosha. Siku za katikati ya wiki walikimbia kidogo, Jumamosi wakaenda mbali, kila mara mbali kidogo kuliko mara iliyopita, kisha ikaja wiki ya kupunguza ili miguu ipate nafuu. Palipo na mlima walitembea bila kuona haya. Maji walikunywa funda moja moja kabla kiu haijawakamata. Na siku za mapumziko zilikuwa za mapumziko kweli. "Mazoezi ni kupanda mbegu," Sista alisema. "Usingizi ndio mvua."

Maneno hayo yalimfikia Punje, naye akajipa cheo. Kila usiku ulipoingia alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Baba, bado hujalala? Sista atakuchapa!" Na Risasi, aliyezoea kukesha na redio, alizima taa akalala.

Fundi Tairi hakuchoka kumtania. Alimwita konokono, alimwita bi harusi, akamwuliza kama amepoteza kitu njiani. Mwanzoni maneno hayo yalimchoma Risasi kama cheche. Baadaye aligundua kwamba akiyajibu kwa kicheko pumzi hazipotei, basi akawa anacheka, akapunga mkono na kupita zake. Bila mwenyewe kujua lini, viatu vya limau vilikuwa vimefifia na kushika umbo la miguu yake, na suruali zake za kazi zikaanza kuhitaji mkanda.

Mkesha wa mashindano, Sista alimpigia simu.

"Baba Punje, kesho sitakimbia. Mwenzangu anaumwa, nimeshika zamu yake. Wodi imejaa."

"Sasa mimi nitakimbiaje, Sista?"

"Kwa miguu," Sista alijibu. Kisha sauti yake ikalainika. "Vaa viatu vyako vya zamani. Usile kitu ambacho tumbo halikijui. Siku ya harusi bibi harusi hajaribu wanja mpya. Na wakitoka mbio, waache waende. Barabara haihami."

Asubuhi, filimbi ilipolia, umati ulibubujika kama maji yaliyofunguliwa bomba. Fundi Tairi, aliyejiandikisha dakika za mwisho ili asipitwe na sifa, alimpita akiwa na fulana nyekundu na viatu vilivyotoka dukani jana yake. "Tutaonana mwisho, Risasi!" alipiga kelele. Miguu ya Risasi iliwashwa. Kila mfupa wake wa zamani ulimwambia fyatuka. Sista hakuwepo wa kumzuia, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia rudi kwako. Alipumua, akamgeukia mama mmoja asiyemfahamu aliyekuwa akikimbia kando yake, akamwuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Mama yule alimtazama kama mwendawazimu, kisha akaanza kumweleza. Wakaenda hivyo, umbali baada ya umbali, hadi jua likapanda.

Walipovuka nusu ya safari, Risasi aliona fulana nyekundu ukingoni mwa barabara. Fundi Tairi alikuwa ameketi, kiatu kimoja mkononi, visigino vimechubuka vinavuja damu. Aligeuza uso asionekane. Risasi angeweza kumrudishia maneno yake yote, na alikuwa ameyahifadhi. Badala yake alimpa mkono, akamkokota taratibu hadi kwenye meza ya maji, ambako mhudumu wa huduma ya kwanza alimpokea.

"Nenda, bwana, usinisubiri," Fundi Tairi alisema, macho chini. "Halafu... huyo Sista wako, Jumamosi nami ananipokea?"

"Anapokea. Ila utakuwa nyuma."

Sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko alivyowahi kuwaza. Miguu ilikuwa mizito kama nondo, bega moja likaanza kuuma bila sababu, na lile tumbo lililobaki lilimkumbusha kwamba bado lipo. Njia ilipanda kuelekea hospitali. Alitumaini kumwona Sista getini, lakini hapakuwa na mtu, na madirisha ya wodi yalikuwa na mapazia. Alijua maana yake: ndani kulikuwa na kazi. Huenda palikuwa na baba fulani amekaa kwenye kiti cha mbao, anaogopa hata kupiga chafya. Risasi hakujaribu kuushinda mlima ule. Aliutembea kwa hatua fupi, akinywa funda la maji, na alipofika juu akaanza tena kukimbia, taratibu, machozi na jasho vikishindana nani afike kidevuni kwanza.

Alivuka mstari wa mwisho wakati washindi wameshaoga na kubadili nguo. Mkewe alipiga kigelegele kilichowageuza watu. Punje alimparamia.

"Baba, umeshinda?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa unalia nini?"

"Nimefika," Risasi alisema, akampakata kifuani, naye Punje akalalamika kwamba baba amelowa.

Jioni alikwenda kumsubiri Sista kwenye geti la nyuma, kila ngazi ya njiani akiishuka kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Sista alipotoka, amechoka, viatu vya kazi mkononi, Risasi alimpa medali. Sista aliirudisha mkononi mwake. "Hiyo ni ya miguu yako. Mimi nisimulie ulivyokimbia."

Basi wakatembea pamoja kuelekea kituo cha basi, mwendo wa Sista, na Risasi akasimulia: habari za fulana nyekundu, za yule mama na chakula chake cha jana, za mlima na mapazia. Walipokaribia kituo, lile neno lililomkwama miaka yote likatoka lenyewe, wala halikuwa gumu. "Sista, asante. Asante kwa Punje. Na asante kwa kunirudisha nyuma." Sista alimshika mkono akautikisa, asiuachie, na basi lake likaja likaondoka bila yeye kulipanda.

Naye Risasi, aliyezoea kusimama wima mbele ya kila mtu, alitambua kwamba kila kilicho chema alichopata, mtoto na mbio, alikipata siku aliyokubali kushuka chini. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.