Bendi Iliyoambiwa Inyamaze

Ndugu zangu, palikuwa na mkuu wa chuo mmoja, chuo cha ualimu, mtu mwema, mcha Mungu, aliyependa mambo yake yanyooke. Chuo chake kilikuwa na timu ya mpira, na timu ilikuwa na bendi ya wanafunzi: matarumbeta, ngoma ndogo, na ngoma kubwa moja iliyobebwa na binti wa mwaka wa pili. Kila mechi walipiga, na kila mechi walikosea. Tarumbeta likitafuta sauti ya juu linapotea njia, wageni wanacheka, mkuu anainamisha kichwa kwa aibu.

Basi akaleta spika mbili, kubwa kama makabati, na fundi wa kuziendesha. Akamwita yule binti, maana ndiye aliyeongoza bendi, akamweleza kwa upole kwamba sasa wapumzike, wapate muda wa kusoma.

“Muziki wa spika haukosei, binti yangu,” alimwambia.

“Ni kweli, Mkuu,” binti akajibu. “Tunaomba tu tuje tukae na ala zetu. Hatutapiga.”

Akawakubalia. Wewe ungewakatalia?

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Mkuu alikaa chini na wageni, kando ya mstari. Mkewe, aliyekuwa mjamzito na siku zake zimekaribia, alipanda jukwaani, lile jukwaa la mbao, akaketi juu kabisa apate upepo. Spika zilinguruma, na mkuu aliona raha. Hakuna noti hata moja iliyopotea.

Wenyeji wakafunga goli. Watu wakaruka, na ubao mmoja wa jukwaa ukakatika kwa kishindo kama bunduki. Mtu akasema jukwaa linaanguka. Sikilizeni vizuri: jukwaa halikuanguka. Ilianguka mioyo ya watu. Umati mzima ukamiminikia ngazi, na ngazi zenyewe ni nyembamba. Fundi naye alishatimka, akaziacha spika zikiimba peke yake wimbo wa harusi, wa shangwe, huku watu wanasukumana.

Mkuu alipaza sauti, nani amsikie? Akakimbia akang'oa waya kwa mikono yake mwenyewe. Muziki ukakatika, zikabaki kelele za watu. Akawasihi waende polepole, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mbu. Akatazama juu, akaona kilemba cha mkewe katikati ya vichwa. Akatazama tena, hakukiona.

Ndipo ngoma kubwa ikalia. Pigo moja. Kimya kidogo. Pigo la pili.

Bendi ilikuwa imesimama kwenye majani, chini ya ngazi. Mdundo ule kila mwanafunzi aliujua, kwa sababu mechi zikiisha waliufuata hadi bwaloni kula. Miguu iliutambua kabla ya vichwa. Wa mbele wakaanza kutembea, wa nyuma wakaacha kusukuma. Bendi ikageuka ikatangulia kuvuka uwanja, na tarumbeta moja likakosea vilevile kama siku zote, na watu wakalifuata, safu baada ya safu. Mmoja alipoteza kiatu, mwingine alichubuka kiwiko. Hakukanyagwa mtu.

Mke wa mkuu alishuka ameshika bega la mwanafunzi asiyemjua. Mumewe akamkumbatia. Mama yule akasema ana kiu. Na mkuu, mtu mzima, akacheka huku machozi yanamtiririka.

Baadaye akamwendea binti wa ngoma. “Mbona ulipiga taratibu vile? Mimi nilitaka watoke upesi.”

“Nilimwona mama, Mkuu,” binti akasema. “Nikapiga kwa hatua zake.”

Mmesikia? Spika zilikuwa na muziki safi kuliko bendi. Hazikumwona mama.

Najua mnachowaza. Mnawaza mchungaji leo anawasema wale wanaobaki nyumbani wakisikiliza mahubiri kwenye simu. La. Ninatusema sisi tuliokuja. Maana mtu anaweza kufika kanisani na bado akawa spika. Tunamwambia mfiwa, “Pole, Bwana akutie nguvu,” maneno mazuri, hayana kosa, na macho yetu yameshahamia kwa mwingine. Juzi tulimwambia mfiwa mwingine hivyohivyo. Je, huko si kurudia kanda?

Jumapili iliyopita kwaya iliimba hapa vizuri kuliko siku zote, nami nilihubiri, nikajisikia nimehubiri. Na kwenye benchi moja palikuwa na mama aliyelia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Nani kati yetu alipunguza mwendo? Alitoka peke yake, na wiki nzima niliogopa kwamba hatarudi.

Simtaji, wala msigeuke kumtafuta. Amerudi. Leo asubuhi nilipomwona akiingia nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Basi tukosee nyimbo, ndugu zangu, hata mahubiri tuyakosee. Lakini ibada ikiisha, asiwepo atakayetoka hapa mbio. Tutatoka kwa hatua zake.