Nyani na Neno Masti

Paukwa!

—Pakawa!

Mikono iko wapi?

—Kwenye magunzi, bibi!

Na masikio?

—Kwako, bibi!

Haya, pukuchueni huku mnasikiliza. Nikiona mkono umesimama, na ngano inasimama.

Hapo kale palikuwa na Nyani, mkubwa wa mwili, mkubwa wa tumbo, na mkubwa zaidi wa maneno. Alikaa karibu na shule, kule kwenye mawe. Kila asubuhi alijibanza dirishani akingoja makombo ya watoto. Siku moja darasa lilikuwa na kelele, waa-waa-waa. Mwalimu akaingia akasema, "Yu masti bi kwaieti!" Darasa likanyamaza, jii. Watoto arobaini, hata wa kukohoa hakuna.

Nyani akashika kichwa. "Kumbe neno lenyewe ni masti! Ukisema masti, watu wanatii."

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Mto ulikauka, majani yalikauka, na mti wenye matunda ulibaki mmoja tu, mkuyu. Nyani akapanda juu ya jiwe chini ya ule mkuyu, akajipiga kifua, pu-pu-pu, akatangaza:

"Ol enimozi masti bringi makuyu!"

Wanyama wakatazamana. Kobe, ambaye ni mzito wa kusikia, akauliza, "Amesemaje?"

"Nimesema Kiingereza," Nyani akajibu. "Maana yake, wanyama wote lazima walete makuyu. Mnayaokota, mnaniletea mimi. Masti ni amri."

Basi wakawa wanaokota, wanaleta. Kanga analeta, Swala analeta, Kobe analeta moja moja. Nyani anakula, gup, gup, gup. Wao wanameza mate.

Sasa katika wanyama hao alikuwemo mama Pimbi. Mnamjua pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, mkia hana. Alikuwa amejifungua mapacha, na kwa njaa ile maziwa yalimkauka. Watoto wakinyonya hawapati kitu, wanalia nyii, nyii. Jamani, mtoto akilia njaa mama hasikii kingine. Pimbi akatoka kwenda kutafuta hata ganda la ndizi nyuma ya nyumba ya mwalimu.

Alipofika akamkuta mwalimu anampokea shangazi yake aliyetoka safari. Shangazi huyo alikuwa mwalimu pia, wa mbali, na wakikutana wawili hao ni Kiingereza tupu. Mwalimu akasema, "Yu masti bi taidi, anti," akamvutia kiti. Akasema tena, "Yu masti bi hangri," akamletea ugali na samaki.

Pimbi akatega sikio. Hii masti gani tena? Mbona shangazi hakulazimishwa kitu? Mwalimu hajaingia tumboni mwa shangazi, njaa ameijuaje? Anakisia! Anamwambia, lazima una njaa wewe, lazima umechoka wewe. Kumbe masti ni moja, kazi zake ni mbili. Pimbi akacheka, hi-hi-hi, nusura aanguke.

Kesho yake akaenda mkuyuni. Wanyama wote wapo, Nyani yuko juu ya jiwe lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Makuyu yako wapi?"

"Yanakuja, mzee. Nilitaka kuuliza tu. Hii masti inatushika sisi wadogo peke yetu, au na wakubwa?"

Nyani akaona akijibu vibaya watu wataidharau sheria. Akatunisha kifua. "Masti haina mkubwa wala mdogo. Ikishasemwa, imesemwa. Hata mimi natii."

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wanyama. Kobe akasikia baadaye kidogo.

Nyani akachukua kuyu nono, akafungua kinywa. Pimbi akainama kwa adabu, akasema, "Yu masti bi hangri."

Kuyu likasimama njiani.

"Maana yake nini?" akauliza Kobe.

"Maana yake, lazima uwe na njaa," Pimbi akasema.

"Lakini mimi nimeshiba," Nyani akasema.

"Basi usile, mzee, mpaka njaa ije. Au unavunja masti?"

Macho yote yakamgeukia. Nyani akaliweka kuyu chini polepole.

"Na haya mengine yataoza bure," Pimbi akasema. Wanyama wakayala. Mapacha wakapata maziwa siku hiyo, wakalala na matumbo kama vibuyu.

Siku ya pili njaa imekuja kweli. Nyani akachukua kuyu, akafungua kinywa. Pimbi akainama kwa adabu, akasema, "Yu masti bi taidi." Maana yake, lazima uchoke. Nyani akalala chini, akakoroma kwa lazima, kro, kro, jicho moja liko kwenye makuyu. Wanyama wakala.

Siku ya tatu, jua la mchana linachoma mawe. Nyani akachukua kuyu, akafungua kinywa. Pimbi akainama kwa adabu, akasema, "Yu masti bi koldi." Maana yake, lazima usikie baridi. Nyani akatetemeka, te-te-te-te, kuyu likamponyoka. Wanyama wakala.

Siku ya nne Nyani hakuja. Alikwenda dirishani kwa mwalimu, akamkuta shangazi anarudi kutoka sokoni. Akasikia yale yale aliyoyasikia Pimbi, akaona na shangazi anavyokula. Akarudi mbio, vumbi nyuma yake.

"Pimbi, umenidanganya! Shangazi kaambiwa masti bi hangri, na kala! Masti si amri. Ni kukisia tu!"

Pimbi akakaa vizuri. "Rudia, mzee, Kobe hajasikia."

"Masti ni kukisia tu!"

"Kwa nguvu kidogo."

"MASTI NI KUKISIA TU!"

"Sasa nimesikia," Kobe akasema. "Basi siku ile juu ya jiwe ulikuwa unakisia. Ulidhani sisi wote tunaleta makuyu."

"Na umekosea," Pimbi akasema. "Hatuleti."

"Ile yangu ilikuwa amri!" Nyani akapiga kelele.

"Kama ni amri, mzee, na zile tatu zangu ni amri. Uwe na njaa, uchoke, na utetemeke. Chagua."

Nyani akafungua kinywa. Kanga akaanza kucheka, Swala akacheka, mapacha wakacheka bila kujua wanacheka nini. Tangu siku hiyo kila mtu akala alichookota. Na mpaka leo nyani hawatoki kwenye madirisha ya shule. Watu husema wanafuata chakula cha wanafunzi. Mimi nasema wanasoma, hawajamaliza.

Ngano imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: mkubwa akisema lazima, mtii, msiulize maswali.

"Lakini bibi, Pimbi aliuliza."

Nani huyo, Mbuke? Pimbi hakuwa na mahindi ya kupukuchua. Lazima mmechoka, wajukuu zangu. Hapo nakisia. Lazima mmalize gunia hili kabla ya chakula.

Hapo sikisii.