Muhuri wa Kadhi wa Zumarida

"Dinari mia tisa! Mia tisa kwa mwanamke wa kuchemsha uji?" alifoka Ghalibu mbele ya Sultani Nasri wa mji wa Yakutiya, na wazee wa baraza wakatikisa vilemba. "Maulana, muhuri huu umeghushiwa!"

"Mambo ya kughushi umejifunza wapi wewe, hata ukayajua?" akajibu Bi Kazija. "Miaka kumi na miwili nimemuuguza ami yako. Wewe ulikuja siku ya matanga, ukauliza funguo kabla ya kuuliza kaburi."

Ami huyo alikuwa Sheikh Mundhiri, tajiri wa ubani, na hakuwa na mtoto, na mrithi wake alikuwa Ghalibu, mwana wa nduguye. Naye Sheikh alitaka Kazija, mtumishi wake, apate dinari mia tisa na nyumba ya uani, chini ya theluthi ya mali ambayo sharia inamruhusu mtu kuusia. Lakini katika Yakutiya wasia haukuwa wasia mpaka kadhi aupige muhuri mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili, na kadhi akionekana mlangoni kwa mgonjwa, majirani walianza kuazima masufuria ya matanga. Sheikh akaona haya, akaahirisha Alhamisi baada ya Alhamisi, hata siku moja akasugua pete yake, na jini Dahmani aliyefungwa humo akambeba kwa kupepesa jicho hadi Zumarida, mwendo wa miezi mitatu, na kadhi wa huko akaupiga muhuri, na adhuhuri Sheikh alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa.

Hapo ndipo alipokosea. Kahawa ile ilionwa na watu arubaini. Na nasema wazi: anayekupenda akikuficha machoni pa mashahidi wa mji wako, amekuachia kesi.

"Siku iliyoandikwa kwenye wasia huu ami alikuwa hapa," akasema Ghalibu. "Au aliruka?"

Baraza likacheka. Kazija hakucheka. Kidoleni alivaa pete ile, aliyovishwa na Sheikh kwa mkono wake kabla ya kufa, na ndani yake lilibaki ombi moja tu. Na tangu mazishi jini huyo ndiye pekee aliyemuuliza kama amekula.

"Bibi," jini akamnong'oneza, "niombe dinari elfu tisa twende zetu. Au niombe nibaki. Ombi likiisha, nakwenda nisikorudi."

"Sitaki cha kupewa. Nataka changu. Mlete kadhi wa Zumarida, na daftari lake, na mashahidi wake."

Moshi ukajaa ukumbini, na kadhi akatokea na kiatu kimoja mguuni, amekasirika, mashahidi wake wawili nyuma yake, akafungua daftari akasoma jina, na siku, na kila neno la wasia, na muhuri ukalingana na muhuri.

"Mzee alilia," akasema shahidi mmoja. "Alisema hataki Kazija abaki peke yake."

Kisha jini akawarudisha kwao, na pete ikapoa kidoleni kama kifungo cha shati.

Sultani akahukumu kuwa wasia ni sahihi. Ghalibu akasogea, sauti imelainika. "Bi Kazija, tugombanie nini? Nikuoe, mali isitoke nyumbani. Nawe utapata mwenzio."

Kazija akaigeuza pete mara moja, pete isiyo na jini tena.

"Ndoa sikuusiwa," akasema. "Nimeusiwa dinari mia tisa na ufunguo wa uani. Hesabu."