Uzio wa Baba Aikande

Ndugu zangu, leo nawasimulia habari za mbwa. Msinikunjie uso, mbwa naye ni kiumbe cha Mungu.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, tumwite Baba Aikande, aliyeishi na mkewe kando ya barabara ya lami. Mbwa wao, Tosha, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: pikipiki. Ikipita, yeye mbio nyuma yake. Baba Aikande alimpenda huyo mbwa kuliko alivyokubali kusema, na aliogopa kwamba siku moja ataletewa maiti yake. Ndipo binti yao aliyeko ng'ambo akawatumia uzio usioonekana. Unafukia waya ardhini kuzunguka boma, kisanduku kinakaa ukutani sebuleni, mbwa anavaa mkanda shingoni. Akisogelea waya, mkanda unalia. Akizidi, anapigwa shoti. Kisanduku kina namba za kuongeza makali, moja mpaka nane.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili ikapita pikipiki yenye kelele, Tosha akasahau shoti na kila kitu, huyo barabarani! Aliporudi, Baba Aikande akapandisha kutoka mbili hadi nne. "Atanitambua!" Akatoka tena, ikawa sita. Akatoka tena, ikawa nane, na alipotoka safari hiyo hakurudi. Siku tatu nzima.

Hakupotea. Alikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, analala mtaroni, malori yanapita karibu kumgusa. Mama Aikande akigonga sufuria, Tosha anakuja mbio mpaka kwenye ua wa maua, anasimama, analialia, anageuka. Baba Aikande naye akitoka na fimbo kumkamata, mbwa haonekani.

"Unaona dharau hiyo?" akamwambia mkewe. "Anaitwa kula, anatugeuzia mkia."

"Labda hicho kidude chako kimeharibika, Baba Aikande."

"Kimeharibika, ndiyo. Kingekuwa kizima angetokaje?"

Akampigia simu fundi mjini.

"Taa ya kisanduku ina rangi gani, mzee?"

"Kijani."

"Basi waya haujakatika. Una mkanda wa akiba? Tia betri mpya, ufunge mkononi, ukaze mpaka vile vyuma viguse ngozi. Halafu tembea kuelekea kwenye waya."

Mzee akaufunga, akaukaza, akaenda kifua mbele. Mkanda ukalia. Akapuuza. Akapiga hatua nyingine, mama yangu! Aliruka, ndugu zangu, kofia huku, kiatu kule, na alipotua alikuwa nje, kando ya lami, hatua chache kutoka kwa Tosha. Wakatazamana.

Barazani Mama Aikande alicheka mpaka akashika nguzo. "Kumbe kizima! Haya, rudi ndani, chai inapoa."

Baba Aikande akatazama kwake. Kule kuna mke, kuna chai, kuna kiti chake. Akajaribu kufungua mkanda, kifungo kimegoma. Akainua mguu kuingia. Mkanda ukalia. Akaurudisha mguu chini.

"Zima kwanza!"

"Si uingie tu? Si kwako hapa?"

"Mama Aikande, nakuomba, zima kwanza!"

Mkewe akaingia kuzima, na mzee akabaki pale na mbwa wake. Akaona haya. Siku tatu amemwita mwenye dharau mnyama aliyekuwa anatamani tu kurudi nyumbani. Kisanduku kilipozimwa akavuka, naye akisitasita, akachuchumaa, akaita, "Tosha, njoo baba." Mbwa akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Ilichukua muda. Alipovuka alijitupa miguuni pa mzee, na mzee akacheka huku machozi yanamtoka. Sufuria liliisha lote. Kabla wiki haijaisha waliweka wavu na geti la kufungua kwa mkono, na Tosha yuko salama.

Sasa niwaulize, ule uzio ulimzuia Tosha kutoka? Haukumzuia. Anayekimbilia kitu hasikii shoti. Ulimzuia kufanya nini? Semeni wenyewe. Kurudi!

Na sisi je? Kila akitoka mmoja wetu, si tunaingia sebuleni kupandisha namba? Asimame mbele ya watu wote. Jina lake lisomwe. Akae benchi la nyuma miezi sita. Halafu tunashangaa, mbona harudi, ana dharau huyu! Nani ametuambia ni dharau? Tumewahi kufunga huo mkanda kwenye mikono yetu wenyewe? Wala siwasemi ninyi peke yenu. Majina hayo nimeyasoma mimi, kwa sauti yangu, nikadhani nalinda nyumba ya Mungu.

Yule binti aliyekuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu mnamjua. Jumapili nyingi sasa namwona kupitia dirisha hili, amesimama nje pale kwenye bomba la maji, mtoto mgongoni, anaimba pamoja nasi. Mlango hajauvuka. Leo pia amekuja. Nawaomba, msigeuke wote kumtazama. Mzee wa kanisa, nenda ukamkaribishe, usimuulize kitu. Na wewe uliyekaa mwisho wa benchi, sogea kidogo, waenee wote wawili.